Mita Ngapi Juu ya Minazi ya Kerege

Kerege nilikuwa naijua kwa kupita tu. Kila nilipokwenda Bagamoyo, kwa harusi, kwa msiba au kwa tamasha la sanaa, gari lilisimama pale kidogo, abiria wawili watatu wakashuka na mizigo yao, tukaondoka. Safari hii nilishuka mimi. Mjomba wangu, fundi mstaafu wa mitambo ya redio aliyejenga huko baada ya kustaafu, alikuwa amenipigia simu. "Mwanangu, wewe si unaandika habari za watu wanaosumbuliwa na kelele? Za chini umeziandika sana, baa na mashine za kusaga. Njoo nikuonyeshe namna ya kupima zinazotoka juu."

Alikuwa anazungumzia ndege zinazoruka chini chini. Ukanda wa pwani kaskazini ya Dar es Salaam ni njia yao. Zipo zinazopeleka watalii Saadani, zipo za doria, zipo za mafunzo ya kijeshi. Kwa mtu aliye chini zote hufika kwa namna moja: mshindo kwanza, kivuli baadaye, na kabla hujajua ni nini imeshapotea juu ya mikoko. Ukimuuliza ilipita juu kiasi gani atakwambia, "Ilikuwa karibu iguse paa." Mwingine aliyekuwa nyumba ya jirani atakwambia ilikuwa mbali. Mjomba aliona hapo ndipo malalamiko yote yanapofia. Hakuna mwenye mita mkononi.

Nilipanda koasta Makumbusho. Foleni ya Mwenge ilitushika, na nikapata nafasi ya kuitazama Lugalo tulipokuwa tukiipita. Kambi hii zamani iliitwa Colito. Alfajiri ya Januari 25, 1964, helikopta kutoka manowari ya Kiingereza HMS Centaur ziliingia kutoka baharini zikashusha makomandoo hapa, kuzima maasi ya askari wa Tanganyika Rifles yaliyokuwa yameanza Januari 20. Serikali ya Mwalimu Nyerere ndiyo iliyoomba msaada huo, kwa uchungu mkubwa, na jeshi lile likavunjwa. Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Nimekuwa nikipita Lugalo tangu utotoni bila kufikiri kwamba helikopta za kijeshi zina miaka yote hiyo katika pwani yetu, na kwamba jeshi tulilo nalo limetokana na asubuhi ile.

Baada ya Tegeta, Boko na Bunju unaingia Mkoa wa Pwani. Mapinga iko mlangoni. Huko ndiko kulikojengwa, kwa msaada wa China, kituo kikubwa cha mafunzo cha JWTZ kilichofunguliwa Februari 2018. Mwishoni mwa Julai 2024 majeshi ya Tanzania, China na Msumbiji yalianza zoezi la pamoja lililoendelea hadi Agosti 11. Sehemu ya nchi kavu ilifanyika Mapinga, na kwa upande wa bahari meli za kivita za China, Wuzhishan na Hefei, zilifika Dar es Salaam. Kerege ni jirani wa mlango wa pili. Anayenunua kiwanja hapa, na siku hizi wanunuzi kutoka mjini ni wengi mno, ananunua pamoja na anga lake.

"Kerege, Kerege wa kushuka!" konda alipiga ubavu wa gari. Mjomba alikuwa ananisubiri na bodaboda mbili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani akasema tusiende kwake kwanza. Tulikwenda kwa mtendaji.

Hilo nalisifu, na kila anayetaka kufanya kazi ya namna hii alifuate. Vyombo vya redio juu ya paa, karibu na eneo la jeshi, ni jambo la kuelezwa mapema na kwa uwazi. Mtendaji alitusikiliza akiwa na kalamu mkononi, akauliza swali moja la maana: "Hicho chombo kinasema, au kinasikiliza tu?" Mjomba akamjibu kwamba kinasikiliza tu, kama redio ya kusikilizia taarifa ya habari, na kwamba hatutapiga picha wala kusogelea kambi. Tukaandika majina kwenye kitabu cha wageni.

Nyumba ya mjomba iko kwenye mikorosho iliyokuwa inachanua. Juu ya paa, kama mita tisa kutoka ardhini, kuna bomba la plastiki, na juu yake antena aliyoitengeneza kwa mikono yake: vipande vya waya wa shaba, kila kimoja sentimita 6.9. Nilidhani amepima kwa kukadiria. Akanitolea rula. Ndege za abiria hutangaza mahali zilipo kwa masafa ya megahezi 1090. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 27.5, na robo ya hapo ndiyo sentimita 6.9. Kadiri unavyokosea vipimo, ndivyo antena inavyopungukiwa na usikivu. Kutoka hapo waya unashuka hadi kwenye kipokezi kidogo kilichochomekwa kwenye kompyuta mpakato, barazani, pembeni ya birika la chai.

Mfumo wenyewe unaitwa ADS-B. Ndege inajua ilipo kwa kutumia setilaiti, kisha mara kadhaa kwa sekunde inatangaza namba yake, mahali, kasi na kimo, na yeyote mwenye kipokezi anasikia. Tulikaa tukitazama. Ndege ya Air Tanzania aina ya Q400 ilipanda kutoka Dar es Salaam, namba za kimo zikibadilika moja baada ya nyingine. Nyingine ilikuwa juu kabisa, futi 37,000, ikielekea kusini, mbali sana, hata kwa macho haionekani. Kuisikia ndege iliyo mbali hivyo kwa vipande vya shaba vilivyokatwa kwa koleo kulinifurahisha mno. Jirani aliyekuja kuazima chumvi alikaa na sisi, chumvi akaisahau.

"Sasa subiri," mjomba akasema. "Hizi zote ni za juu. Ya chini hutaiona humu, wala kwenye rada ya uwanja wa ndege."

Sababu ya kwanza inaihusu rada, nayo ni umbo la dunia. Mawimbi haya husafiri moja kwa moja kama mwanga, na dunia ni mviringo. Kitu kilicho chini kinamezwa na upeo. Mjomba aliniandikia hesabu nyuma ya bahasha. Ndege iliyo kwenye kimo cha mita 10,000 inaweza kuonekana na mtambo uliopo ardhini kutoka zaidi ya kilomita 400. Ishushe hadi mita 75, umbali unapungua hadi kama kilomita 36. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Kerege ni takriban kilomita 40 kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna majengo, miti na miinuko. Kwa hiyo ndege ya chini juu ya mashamba haya iko pembezoni mwa jicho la rada, au nje kabisa. Na hiyo ndiyo faida marubani wa kijeshi duniani kote wanayoitafuta wanapojifunza kuruka chini: kufika kabla adui hajawaona. Si mchezo wala maringo. Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane. Nchi iliyowahi kulengwa kutoka juu ina haki ya kuwafundisha marubani wake kila namna ya kuruka, ya chini ikiwemo.

Rada zina kisa chake hapa kwetu. Mtanzania yeyote wa rika langu akisikia neno hilo anakumbuka chenji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilinunua rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, bei iliyolalamikiwa hata ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe. Kesi ikafika mahakamani huko; kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo, na mwaka 2012 pauni milioni 29.5, ndiyo hiyo chenji, zikarudi kwa ajili ya Watanzania, zikaenda kwenye vitabu na madawati ya shule. Baadaye Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikaingia mkataba wa rada nne mpya, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa shilingi bilioni 67.3, na Rais Magufuli akaweka jiwe la msingi Aprili 2018. Zilitakiwa, na nchi kubwa kama yetu haiwezi kuongoza ndege kwa kubahatisha. Ila ni za kuongoza ndege za kiraia zilizo juu, na wala hazikununuliwa ili zimjibu bibi wa Kerege aliyeshtuliwa na kitu kilichopita juu ya banda lake la kuku.

Sababu ya pili ni kwamba ndege ya jeshi hailazimiki kujitangaza. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga wa kiraia duniani, unasema katika kifungu cha 3 kwamba hauhusu ndege za dola: za jeshi, forodha na polisi. Unazitaka nchi zizingatie tu usalama wa ndege za kiraia zinapotunga kanuni za ndege hizo. Ndege ya kiraia, kwa kanuni za kimataifa, haitakiwi kushuka chini ya futi 500, yaani mita 150 hivi, nje ya maeneo ya makazi mengi, isipokuwa inapopaa, inapotua au ikiwa na ruhusa. Ya jeshi ina kanuni zake yenyewe.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Hata ndege ya chini ikijitangaza, kimo inachotangaza hakifai kwa ugomvi wa mita chache. Kinatokana na mgandamizo wa hewa, na hesabu yake huanzia kwenye kipimo kimoja cha dunia nzima, hektopaskali 1013.25. Siku ya kusi mgandamizo hapa pwani ukiwa 1017, ndege iliyo mita 75 juu ya bahari itatangaza kama mita 42. Kwa ndege iliyo futi 37,000 tofauti hiyo haina uzito. Kwa iliyo juu ya minazi, ni karibu nusu ya kimo chake.

"Kwa hiyo tunapimaje?" niliuliza.

Akaingia ndani akarudi na protekta mbili za shule. Kila moja ilikuwa na uzi uliofungwa katikati, na mwishoni mwa uzi nati ya baiskeli. Kwenye ukingo ulionyooka alikuwa amegundisha mrija wa soda. Unachungulia kwenye mrija, unaielekeza kwenye kitu, nati inaning'inia, unabana uzi kwa kidole, unasoma pembe. Watu wawili husimama kwenye mstari mmoja, umbali unaojulikana, na kitu kikipita katikati yao kila mmoja anasoma ya kwake kwa wakati mmoja. Umbali ukiugawa kwa jumla ya kotanjenti za pembe mbili, unapata kimo. Jirani wa chumvi ana kijana wa kidato cha pili; yeye alikuwa amesimamishwa kwenye mwembe ulio mita 300 kutoka barazani, umbali ambao mjomba aliupima kwa kamba ya fundi ujenzi, akarudia tena siku nyingine kuhakikisha.

Tulijizoeza kwa mnara wa simu hadi mikono yangu ikaacha kutetemeka. Alasiri ndipo ilipokuja. Kuku walitangulia kujua. Walikimbilia chini ya kochi la baraza. Kisha mlio wa mapanga ya helikopta ukitokea upande wa bahari, ukinenepa, na mjomba akapiga filimbi. Ilipita kati yetu na mwembe, ya kijivu, pua imeinama kidogo. Sikuona alama wala maandishi ubavuni, na kwenye kompyuta hapakuwa na kitu. Nilibana uzi. Digrii 38. Kijana alikuja mbio akiwa amebana uzi kwa kidole kwenye protekta usije ukasogea: digrii 30.

Mjomba alipiga hesabu: mita 100, pungufu kidogo. Kisha akafanya jambo lililonifanya nimheshimu zaidi. Akasema kila mmoja wetu anaweza kuwa amekosea digrii tatu, akapiga upya mara mbili, juu na chini. Akaandika kwenye daftari: kati ya mita 88 na 112. Minazi mirefu ya hapa haizidi mita 30, kwa hiyo maneno ya "iguse paa" hayakuwa kweli. Na aliyesema ilikuwa mbali naye hakuwa sahihi. Daftari halikusema kwamba rubani amevunja kanuni. Hatukujua ni ya nani wala alikuwa na kazi gani. Lilisema kilichotokea, saa ngapi, na kiasi gani cha kubahatisha kimebaki ndani ya namba.

Jioni nilikwenda kumwamkia bibi wa nyumba ya tatu, maana mjomba alisema ndiye mwenye kusikia kwanza. "Marahaba, mjukuu wangu. Mie sina ugomvi na jeshi," akaniambia hata kabla sijaketi. "Wanangu wawili wamepita JKT. Mie nataka kuambiwa. Nikiambiwa kesho asubuhi zitapita, kuku nitawafungia, na mtoto mchanga sitamlaza barazani. Nisipoambiwa, moyo unaruka, nasema ndio yale ya Mbagala yamekuja huku." Mabomu ya Mbagala ya Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto ya Februari 2011, hayakuwa na uhusiano wowote na ndege; yalikuwa maghala ya silaha yaliyolipuka, na kila tukio liliua watu zaidi ya 20. Ila hofu haichambui. Aliyeishi Dar es Salaam miaka ile, mshindo wowote wa ghafla unamrudisha huko. Ndiyo maana taarifa ambazo jeshi letu hutoa kwa umma kabla ya mazoezi, kuwaambia watu wasishtuke, nazithamini sana, na ndiyo maana natamani zifike hadi kwenye mbao za matangazo za vitongoji, zenye siku na saa.

Kwingine wamekwenda mbali zaidi, na si nchi zenye majeshi legelege. Uingereza imeweka kikomo cha kawaida cha futi 250 kwa ndege za kasi, yaani mita 76, na kwenye maeneo machache ya mafunzo maalumu hushuka hadi futi 100. Ratiba za maeneo hayo hutangazwa mapema. Lipo dawati la wizara ya ulinzi la kupokea malalamiko, na kwa miaka mingi polisi wa jeshi la anga walikuwa wakitega rada ndogo iitwayo Skyguard mashambani kuwapima marubani wao wenyewe. Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikipitiwa na ndege za nchi nyingi za NATO, ilitumia chombo hichohicho, na mwaka 1990, baada ya miaka ya maandamano, kimo cha chini kikapandishwa hadi mita 300. Huko Labrador, Kanada, Wainnu, wenyeji wa asili wa huko, waliingia hadi kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa kijeshi wa Goose Bay mwaka 1988 kupinga ndege zilizokuwa zikipita mita 30 juu ya kambi zao za mawindo. Mwaka 1995 ikaundwa taasisi ya kufuatilia athari, na wanyama waitwao caribou wakavishwa vifaa vya setilaiti shingoni ili marubani wawakwepe.

Na kipo kisa cha Cavalese, Italia, ambacho mjomba hukitaja akitaka kunyamazisha wanaosema kupima ni uchokozi. Februari 3, 1998, ndege ya wanamaji wa Marekani ikiwa mafunzoni ilikata nyaya za kibehewa cha kupandisha watu mlimani. Watu 20 wakafa. Kikomo kwenye njia ile kilikuwa futi 2,000. Nyaya zilikatwa kwenye futi 360 hivi. Watu wa bonde lile walikuwa wamelalamika kabla ya hapo kwamba ndege zinapita chini mno, na malalamiko yao yalikuwa maneno tu.

Asubuhi ya kuondoka tulirudi kwa mtendaji na daftari. Aliligeuza kurasa polepole: tarehe, saa, upande ilikotoka, pembe ya kwanza, pembe ya pili, kimo cha chini, kimo cha juu, maelezo. Alitaka iongezwe safu moja, ya kuonyesha kama tangazo lilitolewa kabla. Alisema ndiyo itakayomsaidia yeye wilayani, kwani ataweza kuonyesha kwamba siku zenye tangazo hakuna aliyekuja ofisini kulalamika, na siku zisizo na tangazo wamekuja wangapi. Mjomba akachora safu hiyo palepale.

Kisha mtendaji akauliza nani ataandika mjomba akisafiri au akiugua. Kijana wa kidato cha pili, aliyekuwa amesimama mlangoni na protekta yake, akasema mwalimu wao wa hesabu amemwambia alete ile nyingine shuleni, maana wiki ijayo wanaanza trigonometria, na darasa zima litaupima mnara wa simu.